Mwenyekiti wa Behewa la Nne

Kazini kwake Pak Turmudi alikuwa mtunza stoo, na bosi wake alikuwa kijana aliyezaliwa wakati Turmudi tayari ana masharubu. Nyumbani kwake Bekasi alikuwa na mke, mama mkwe na televisheni, na kati ya hao watatu hakuna hata mmoja aliyewahi kumsikiliza mpaka akamaliza sentensi. Lakini kati ya nyumbani na kazini, kila asubuhi ya Mungu, palikuwa na treni, na katika treni palikuwa na behewa la nne, na ndani ya behewa la nne Pak Turmudi alikuwa mtu mzito. Alikuwa Mwenyekiti.

Usicheke. Sisi tunaolala pembezoni mwa Jakarta na kufanya kazi katikati yake, sehemu kubwa ya uhai wetu tunaimalizia kwapani mwa watu. Na ukikaa kwapani mwa mtu yule yule miaka nenda miaka rudi, utake usitake, anakuwa ndugu yako. Ndivyo zinavyozaliwa zile jamaa za abiria: watu wanaosimama mlango mmoja, wanaojuana majina, wanaoitana Pak na Bu, yaani baba na mama, au Mas, Bang na Mbak, yaani kaka na dada, wanaozikana, wanaopeana vipande vya tempe, soya iliyochachushwa na kukaangwa, huku wakimchungulia askari asiwaone, maana kula ndani ya treni ni marufuku. Jamaa ya behewa la nne Turmudi aliipata kwa njia rahisi kabisa. Asubuhi moja alisema, "Basi mimi ndiye mwenyekiti," na kwa kuwa wenzake walikuwa na usingizi, hakuna aliyepinga.

Uongozi wake ulikuwa wa kugawa viti. Treni ikiingia, wenye mbavu ngumu walijirusha ndani kukamata nafasi, kisha Mwenyekiti aliinua kidole na kuonyesha nani akae, nani ainuke, nani avumilie mpaka stesheni ya tatu. Kiti chenyewe si chake, aliyekikamata si yeye, lakini kidole kilikuwa chake, na shukrani zilikuja kwake. Kwa kidole hicho kimoja Pak Turmudi aliishi maisha ya heshima kushinda wakuu wa wilaya wengi.

Halafu wakubwa wakajenga stesheni ya makutano pale Kebun Sirsak.

Ni stesheni nzuri, tusiseme uongo. Ina vioo, ina ghorofa, ina ngazi za umeme zinazopanda kama zinakupeleka kwa Mungu mwenyewe, na ina sauti ya mwanamke wa matangazo, tamu kiasi kwamba anakuambia umechelewa na wewe unataka kusema asante. Ila tangu siku utepe ulipokatwa, treni ya Bekasi haikufika tena mjini moja kwa moja. Kila mtu alipaswa kushukia Kebun Sirsak jukwaa la chini, kupanda jukwaa la juu, na kuanza kugombania treni nyingine kama vile hakugombania ya kwanza.

Na hapo ndipo watu walipobadilika. Milango ikifunguka, wanakimbia. Wenye haraka wanakimbia kwa sababu wana haraka, na wasio na haraka wanakimbia kwa sababu wanaona wenzao wanakimbia. Mtu aliye likizo akipita Kebun Sirsak asubuhi atakimbia, akifika juu atajiuliza anakwenda wapi. Bu Winarsih, mhasibu mwenye miwani na sauti ya mwalimu mkuu, mama aliyekuwa akichemsha karanga za kuwagawia watu wote wa behewa la nne, siku ya tatu tu alimkanyaga Mas Gufron mguu mzima mbele ya ngazi, wala hakugeuka. Radhi alimwomba kwa simu, alipokwisha kufika ofisini. Na Mas Gufron si mtu wa kutoonekana. Ni fundi wa lifti mwenye mwili wa kabati la nguo, milango miwili.

Baya zaidi lilikuwa la ukuta. Pale Kebun Sirsak behewa la kwanza husimama uso kwa uso na ngazi za umeme: mlango unafunguka, mguu wako uko kwenye ngazi. Behewa la nne hufungukia ukuta. Ukuta mweupe, na kabati la mafagio. Watu wa behewa la nne walishuka, wakausalimu ukuta, wakageuka na kujiunga na mkia wa foleni ambayo watu wa behewa la kwanza walikuwa wameishaimaliza.

Bu Winarsih alilisema jambo hilo waziwazi, siku moja yeye, Turmudi na Mas Gufron wakiwa wamebanwa kwenye nguzo moja. Akasema wahamie behewa la kwanza, jambo lenyewe halihitaji kikao.

"Mimi ni mwenyekiti wa behewa la nne," Turmudi akasema. "Nikienda la kwanza nitakuwa nani?"

"Utakuwa abiria, Pak. Kama sisi."

Mas Gufron akatazama dari ya treni kwa makini, kama fundi aliyeona nati imelegea.

Tangu siku hiyo jamaa ilianza kuvuja. Huyu ana kizunguzungu, anahitaji hewa ya behewa la kwanza. Yule anamsindikiza shangazi. Mas Gufron mwenyewe alikutwa huko mbele amejificha nyuma ya gazeti, na gazeti halikutosha hata kufunika shavu moja. Turmudi aliwavizia kwenye jukwaa la Bekasi na kuwapa historia: nani aliwafundisha mlango unasimama wapi, nani aliwagawia viti wenye mimba, nani alisuluhisha ugomvi wa feni. Walimsikiliza kwa adabu, kisha treni ikaja na adabu ikaenda behewa la kwanza.

Usiku Turmudi hakulala vizuri. Alijua, ingawa hakumwambia mtu, kwamba behewa la nne likifa, basi kuanzia kitandani mpaka stoo, na kuanzia stoo mpaka kitandani, hapatakuwa na mahali hata pa upana wa kiti ambapo kidole chake kingeinuka na mtu akakitazama.

Ndipo Ratmi akaajiriwa.

Yaani alikuwa ameajiriwa zamani, lakini kwa mkataba wa kila mwaka, ule wa kukukumbusha kila Desemba kwamba wewe si kitu. Mwaka huu kampuni ya usafirishaji anakofanya kazi ikamfanya mfanyakazi wa kudumu. Mbak Ratmi alikuwa mdogo kuliko wote katika jamaa, mpole, wa kusema "ndiyo Pak" na "ndiyo Bu" hata kabla hujamaliza swali. Mama yake akaweka nadhiri ya kupika tumpeng, na wali ule wa manjano uliopandishwa kama mlima juu ya ungo, kuku na mayai na tempe vikiuzunguka miguuni, haupikwi ukaliwa na watu wa nyumbani peke yao. Lazima ule na jamaa zako. Mwenye furaha anakata kilele cha ule mlima na kumkabidhi mtu anayemheshimu kuliko wote, na hapo hapo kila aliyepo anajua nani ni nani.

Turmudi aliposikia habari hiyo macho yalimng'aa. Akawaita wote, wa behewa la nne na watoro wa la kwanza, na mbele yao akatoa pendekezo alilodhani ni la akili nyingi.

"Tusigombane kama watoto," akasema. "Ratmi atakata kilele. Atakayepewa, huyo ndiye atakayeamua tupande behewa gani. Na uamuzi wake hauna rufaa."

Bu Winarsih akauliza mara mbili kama kweli anasema hauna rufaa. Turmudi akasema hauna, hata akipewa nani. Wakakubaliana Ijumaa, wote wapande treni ya mapema, waukate mlima jukwaa la juu la Kebun Sirsak kabla treni ya mjini haijaingia. Kwa akili ya kawaida, kupeleka mlima wa wali kwenye stesheni ile, saa zile, ni kama kupeleka kitanda kwenye uwanja wa mpira. Lakini hakuna aliyeliona hilo, maana miaka yote walikuwa wakila kwa siri ndani ya behewa bila matatizo, na mtu akizoea kosa analiita utaratibu.

Wiki ile Mbak Ratmi aliteseka. Turmudi alimpata kwenye nguzo akamuuliza, kwa sauti ya baba, kama anakumbuka nani alimpatia kiti siku alipokuwa na homa ya matumbo. Ratmi akasema, "Nakumbuka, Pak." Na kweli alikumbuka: kiti kilikuwa cha Mas Gufron, aliyesimama njia nzima; Pak Turmudi alionyesha kidole tu. Jioni yake Bu Winarsih akamtembelea mama yake Ratmi, jambo ambalo hajawahi kulifanya, na kuacha mezani kopo kubwa la biskuti. Akaongea habari za afya, za mvua, na alipokuwa anavaa viatu mlangoni ndipo akagusia jinsi magoti yake yanavyouma akitembea kutoka behewa la nne. Ratmi akalitazama lile kopo kama mtu anayetazama barua ya mahakama. Akimpa huyu, yule atamnunia mpaka astaafu, na kustaafu sasa kulikuwa mbali sana, maana ameajiriwa wa kudumu.

Ijumaa Turmudi alivaa batiki yake ya harusi za watu, ya mikono mirefu, akapaka mafuta nywele zilizobaki. Hotuba alikuwa nayo kichwani. Angekipokea kilele kwa mikono miwili, angekaa kimya kidogo ili wamwonee huruma kwa unyenyekevu wake, kisha angetamka: behewa la nne, leo na siku zote.

Mas Gufron alibeba ungo kichwani. Ndani ya treni ya mapema hata wageni waliwapisha, si kwa heshima bali kwa kuogopa batiki zao zisipakwe manjano. Kebun Sirsak wakashuka, wakausalimu ukuta, wakapanda. Mlima ulipanda ngazi za umeme polepole, bila kutikisika, juu ya vichwa vya watu, na Turmudi mbele yake akitangaza, "Pisheni, jamani, pisheni wali." Kijiba cha roho kilimtoka. Kwa mara ya kwanza tangu stesheni ile ifunguliwe alihisi imejengwa kwa ajili yake.

Jukwaa la juu lina pande mbili: huku treni za mjini, huku treni za kusini, za Bogor. Wakachagua nguzo nene mwisho wa jukwaa. Gufron akaegemea nguzo, ungo ukawekwa juu ya benchi, Ratmi akatoa kisu. Turmudi akasogea katikati ya njia ili wote wamwone vizuri. Akakohoa.

Wakati huo huo yule mama wa matangazo, kwa sauti yake ya asali, akawajulisha wapendwa abiria kwamba treni ya mjini leo itaingia upande wa pili.

Nani amewahi kuona maji yakibadilisha mto? Watu wote waliokuwa upande huu walitaka kuwa upande ule, na waliokuwa wanapanda ngazi walitaka kuwa popote wanapokimbilia hao. Jamaa wote wakajibanza nyuma ya Mas Gufron, na mkondo ukapasuka juu yake, nusu huku, nusu kule, kama unavyopasukia jiwe. Turmudi hakujibanza. Mwenyekiti hajibanzi. Alibaki katikati ya njia, akainua kiganja kama askari wa barabarani, akaanza kusema, "Taratibu, ndugu zangu."

Ndugu zake hawakumsukuma kwa ubaya. Walimchukua tu. Miguu yake ikaacha sakafu, akaenda kinyumenyume, kiganja bado kiko juu, akavuka jukwaa lote mpaka treni ya Bogor iliyokuwa imefungua milango, akaingia mgongo kwanza katikati ya wanafunzi wa chuo, na milango ikafungwa mbele ya pua yake.

Kama treni ingeondoka, pengine Mungu angekuwa amemsitiri. Haikuondoka. Ikakaa pale pale kungoja taa, kama zinavyokaa zote, na Turmudi akabanwa kwenye kioo, batiki imejikunja mpaka kitovuni, akiwatazama watu wake hatua chache mbele yake. Akagonga kioo. Wakageuka. Akajionyesha kifuani, akaonyesha mlima, akajionyesha mdomoni, akatikisa kichwa, akaonyesha tena kifuani.

"Anasemaje?" Gufron akauliza.

Bu Winarsih akarekebisha miwani. "Anasema tule, tusimngoje."

Kabla hawajajua wafanyeje akatokea askari wa jukwaa, Bang Sihombing, mtu wa kifua kipana aliyekuwa amesimama tangu alfajiri akipuliza filimbi na kutukanwa. Alichokiona yeye ni hiki: njia imezibwa, chakula kimewekwa kwenye benchi la abiria, na binti ameshika kisu. Akauliza kwa sauti ya chini, ambayo ndiyo mbaya, nani mwenye shughuli hii na anafanya kazi ofisi gani.

Neno ofisi lilimchoma Ratmi. Ajira ya kudumu ilikuwa haijamaliza hata mwezi. Akamtazama askari, akamtazama Bu Winarsih aliyekuwa anampa tabasamu la biskuti, akatazama kule kwenye kioo ambako uso wa Mwenyekiti ulikuwa umebandikwa kama stempu. Na katika kichwa cha yule binti mpole mlango ukafunguka. Akakata kilele kwa pigo moja, akakiweka kwenye jani la mgomba, akaongeza paja la kuku na pilipili ya kusaga, akainama kidogo, akakinyoosha kwa mikono miwili.

"Karibu, Bang," akasema. "Hiki ni cha mtu tunayemheshimu kuliko wote hapa."

Sihombing alitazama huku na huku. Njaa yake na sheria yake vilishindana muda mfupi sana. Akapokea.

Nyuma ya kioo Turmudi akafumba macho, akafumbua, na kilele kilikuwa hakipo tena. Kilikuwa kimegawanyika kati ya shavu la kulia na la kushoto la mtu aliyevaa filimbi.

Bu Winarsih, ambaye kwa kweli alikuwa amekikosa kilele kama alivyokikosa Turmudi, ndiye aliyekuwa wa kwanza kupata akili. Mkataba ni mkataba. Akamweleza askari, kwa sauti ile ya mwalimu mkuu, kwamba kwa mila waliyopatana, yeye ndiye mwamuzi wao. "Kati ya behewa la kwanza na la nne, Bang, tupande lipi?"

Sihombing akatafuna mpaka akamaliza, maana alilelewa vizuri.

"Pandeni mlango ulio karibu na miguu yenu," akasema. "Nyinyi mnaotafutana ndio mnaoniziba njia kila siku. Sasa kuleni upesi, huo ungo nisiuone."

Wakala upesi. Treni ya mjini ilipoingia, kila mmoja alipanda mlango uliokuwa karibu na miguu yake, huku mdomo umejaa. Gufron alikwenda la saba. Ratmi la tano. Bu Winarsih la sita, na ajabu ni kwamba magoti hayakumuuma. Treni ya Bogor ilikuwa imekwisha kupata taa na kuwapisha, ikaondoka na Mwenyekiti.

Stesheni iliyofuata Turmudi aliandika kwenye kundi la simu: "Nimekwenda kukagua njia ya kusini. Endeleeni." Gufron akamjibu kwa picha ya dole gumba. Kazini mashine ya alama za vidole ilimhesabu mchelewaji, na bosi kijana akamuuliza kama anaumwa, maana amejaa mgongoni punje za manjano za ule wali uliomfuata kwenye ngazi. Mchana Bu Winarsih akaandika uamuzi wote kwenye kundi, neno kwa neno. Turmudi akapinga vikali: askari si mwanachama. Bu Winarsih akamkumbusha kwamba ni yeye aliyesema hata akipewa nani. Akaandika tena, na tena, juu ya katiba ambayo haijawahi kuwepo. Baada ya hapo mtu mmoja akatuma picha ya paka, na watu wakaicheka sana.

Wiki iliyofuata akapanda behewa la nne peke yake. Wengine aliwaona. Hilo ndilo lilimuuma zaidi, aliwaona kila siku: Ratmi kwenye ngazi akipeana karanga na Bu Winarsih, Gufron akimkinga mama mjamzito asisukumwe, dakika moja ya kucheka na kutaniana, kisha kila mtu na mlango wake. Walimsalimia vizuri. "Habari za kukagua, Pak?" Hakuna aliyemuuliza akae wapi.

Akavumilia mpaka akashindwa. Asubuhi moja aliwahi treni ya mapema, akapanda jukwaa la juu akiwa na mfuko wa mihogo ya kukaanga, bado ya moto, akamfuata Sihombing kando ya nguzo. Alizunguka sana kabla ya kufika. Aliuliza habari za watoto, akasifia filimbi, akalaumu serikali kidogo kwa ajili ya urafiki. Mwisho akasema kwamba kuna uamuzi fulani askari aliutoa akiwa na chakula mdomoni, na uamuzi wa namna hiyo mtu mwenye busara anaweza kuutazama upya. Hata kama si kwa jamaa yote, angalau aseme neno moja tu juu ya behewa la nne.

Sihombing alikuwa ameishachukua muhogo. Akakunja uso, akajaribu kukumbuka.

"La nne?" akasema. "Lile linalofungukia ukutani?"

"Hilo hilo, Bang."

"Kwani lile kuna mtu anapanda, Pak?"

Turmudi akasema wapo. Akasema wapo wengi. Sihombing akatikisa kichwa kwa mshangao wa kweli, akachukua muhogo wa pili, akaenda kupuliza filimbi.